Kikokotoo Anasubiri Mlangoni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, adhana ikiwa haijapoa masikioni, kucha zinakwaruza mlango wa nyuma. Zinakwaruza mara tatu, zinanyamaza, zinaanza upya. Huyo ni Kikokotoo. Ni mbwa mwenye rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala, na hajui kwamba mimi ni mstaafu. Anachojua ni kwamba humu ndani yumo mtu ambaye siku hizi habebi mkoba wala haendi popote, na mtu huyo ni mali yake.

Nimefundisha hesabu katika shule za sekondari kwa miaka 34. Agosti 2024 nilitimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima kwa mtumishi wa umma. Wenzangu wakaniaga kwa pilau, saa ya ukutani na hotuba tatu, na zote tatu ziliishia kwa maneno yale yale: "Sasa Mwalimu ukapumzike." Nami nikawaamini.

Jumatatu ya kwanza niliamka kama kawaida, nikaoga, nikanyoa ndevu, nikavaa shati jeupe na suruali iliyonyooshwa, nikakaa kwenye kochi. Mke wangu akatoka jikoni na sufuria ya maziwa mkononi, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Mwalimu, kuna msiba?"

"Hapana."

"Basi vua hilo shati ukanibebee maji ya kuku."

Hesabu niliyoijua kwa kichwa

Kama kuna jambo ambalo walimu wa rika langu tumelijadili kuliko mtaala, ni kikokotoo cha mafao. Mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa mwaka 2018 na kuzaa mfuko wa PSSSF, neno hilo lilitoka maofisini likapanda daladala, likaketi vijiweni, likaingia hadi kwenye vichekesho. Kanuni yenyewe haina miujiza. Unachukua moja juu ya 580, unazidisha kwa miezi uliyochangia, unazidisha kwa wastani wa mishahara ya miaka yako mitatu iliyonona. Sehemu ya jibu inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Sehemu inayobaki unapewa kidogo kidogo kila mwezi mpaka siku zako ziishe. Mvutano wote wa miaka ile ulikuwa juu ya ukubwa wa hiyo sehemu ya mkupuo. Katika bajeti ya Juni 2024, kwa kundi letu ilipandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40. Mimi niliyeajiriwa mwaka 1990 nilikuwa na miezi 408, na hesabu hiyo niliipiga na kuifuta mara nyingi hata karatasi ikatoboka.

Ndiyo maana binti yetu alipotuletea mtoto wa mbwa ndani ya boksi la sabuni, wiki ile ile nilipokuwa nahangaikia makaratasi ya mafao, sikuwa na jina jingine la kumpa. Majirani wanacheka hadi leo. "Mwalimu, mbona kikokotoo chako kinanenepa?" Mke wangu hakukubali kupitwa. Kuna paka wa kijivu anayeingia kwetu kwa dirisha la jiko, anakula, anatokomea, kisha anarudi wiki kadhaa baadaye amekonda. Huyo alimwita Pensheni.

Lakini kanuni ile ina tundu moja ambalo sikuliona pamoja na shahada yangu ya hesabu. Inahesabu miezi uliyokuwa ukitoka nyumbani, haihesabu saa utakazobaki ndani. Nyumba hii niliijenga kwa mikopo mitatu, tofali kwa tofali, lakini kwa miaka yote hiyo nilikuwa nalala tu humo. Nilitoka kabla ya jua na kurudi na rundo la madaftari. Nani anaamka kuwasha jiko, gesi inakwisha lini, umeme wa LUKU unanunuliwa siku gani, hayo yalikuwa yanajifanya yenyewe. Angalau mimi niliona hivyo.

Ratiba ukutani

Nilifanya kosa ambalo wastaafu wenzangu wa kiume nao wamelifanya: nilidhani nyumba ilikuwa inanisubiri niiongoze. Pale kijiweni tunapokunywa kahawa, mmoja wetu, karani mstaafu, aliyapanga upya masufuria ya mkewe kwa ukubwa, akanuniwa wiki nzima. Mwingine, aliyekuwa mtunza bohari maisha yake yote, alianzisha daftari la kutoa na kupokea sukari. Mimi nilibandika ratiba.

Niliiandika kwenye karatasi ya manila, kwa rula, kama zile za ofisi ya mwalimu wa taaluma. Saa 12:00 kufagia uwanja. Saa 12:30 kulisha mifugo. Saa 1:30 chai. Saa 2:00 bustani. Saa 7:00 chakula cha mchana. Na kuendelea hivyo hadi chakula cha usiku. Mke wangu aliitazama siku mbili bila kufungua kinywa. Siku ya tatu nikakuta mbele ya chai, mbele ya chakula cha mchana na mbele ya chakula cha usiku ameandika, kwa kalamu yangu mwenyewe nyekundu ya kusahihishia: "Kinapikwa na nani?"

Nimerudisha madaftari yenye alama nyekundu kwa maelfu ya watoto. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kurudishiwa.

Mke wangu hajawahi kuajiriwa. Kwenye kila fomu niliyojaza, penye nafasi ya kazi ya mwenza, niliandika "mama wa nyumbani" na kuendelea na mstari unaofuata. Maneno hayo hayakuionyesha cherehani yake ya barazani iliyoshona sare za nusu ya watoto wa mtaa, wala ada zilizolipwa kwa cherehani hiyo mshahara ulipochelewa. Hayakulionyesha shamba la Mgeta. Mke wangu ni Mluguru, na kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Lile shamba la maharage na kabichi kwenye mteremko wa Uluguru ni la ukoo wake, mimi hulima pale kama mume tu. Kwa hiyo shambani siku zote nilijua kwamba mimi ni mgeni. Kilichonishangaza mwaka 2024 ni kugundua kwamba hata nyumbani nilikuwa mgeni, tena yule anayekuja jioni na kuondoka asubuhi.

Nikaanza kidato cha kwanza upya. Somo la kwanza lilikuwa kuchambua maharage. Mtu anaweza kudhani ni kazi ya kuketi na kuongea, na ndivyo nilivyoifanya: nikatandaza maharage kwenye ungo, redio pembeni, macho kwenye mechi ya kichwani. Mchana huo huo niliuma kijiwe, na meno ya mtu wa miaka 60 hayana akiba. Mke wangu hakusema kitu. Kesho yake aliketi nami mkekani. Akachukua gao moja, akalitawanya upande wa juu wa ungo, akalishusha kwa vidole vitatu mstari kwa mstari, kama mtu anayehesabu mahudhurio ya wanafunzi. Kijiwe hakitafutwi, aliniambia. Ukiyapitisha maharage yote mbele ya macho, kijiwe kitajitokeza chenyewe. Nimefundisha uthibitisho wa hesabu miaka 34 na sijawahi kuueleza vizuri namna ile.

Somo la pili lilikuwa nazi. Ukiketi juu ya mbuzi kwa mara ya kwanza unagundua kwamba magoti yako yana maoni. Unashika kifuu kwa mikono miwili, unazungusha kidogo kidogo, na siri yote ni kujua mahali pa kuacha. Ukiwa na pupa unafika kwenye ngozi ya kahawia na tui linakuwa na rangi ya maji ya mfereji. Tui langu la kwanza lilikuwa la rangi hiyo. "Hili tumpikie Kikokotoo," mke wangu akasema, na Kikokotoo alilamba sahani mpaka ikang'aa.

Mambo mengine niliyaweza haraka. Kufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa ninakupenda. Mistari inayobaki kwenye vumbi inaniridhisha kama ubao uliofutwa vizuri. Kumwagilia mchicha na matembele jioni hakuhitaji kufundishwa. Lakini jioni moja, nikiwa nimeinama kwenye karo la vyombo, nilimwambia kwa kujisifu kwamba sasa naona kazi zangu za nyumbani zinazidi zile za shule. Yeye alikuwa anapiga pasi mashati yangu ya kanisani. Hakuinua macho.

"Wewe angalau walikupa barua," alisema. "Mimi barua yangu ya kustaafu ataniandikia nani?"

Sikuwa na jibu. Niliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Tone moja jichoni

Wanyama ndio waliotupatanisha, kwa sababu kwao sisi sote ni wahudumu wa cheo kimoja.

Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mbwa ni wa ulinzi na mahali pake ni nje. Analala kwenye banda, anakula ugali wa dona uliochanganywa na dagaa au utumbo, anabweka usiku, basi. Kikokotoo naye analala nje, na ninamfunga mchana kwa sababu majirani zetu wa kulia ni Waislamu na mate ya mbwa kwao ni suala la twahara, siyo la utani. Kwa hiyo tunatembea alfajiri, njia ikiwa tupu. Yeye ananipeleka, mimi nashika kamba. Tunashuka hadi darajani, tunaangalia mawingu yanavyokaa kwenye mabega ya Uluguru, tunarudi. Daktari wa zahanati aliponipima shinikizo la damu aliniuliza ninatumia dawa gani. Nikamwambia, ya miguu minne.

Kila mwaka ninampeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa. Sisi wa Morogoro tuna bahati, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko hapa hapa na kina hospitali ya wanyama, na ikikaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mazungumzo ya chanjo huwa mengi. Siyo jambo la kupuuza. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo, ilhali sindano moja ya mbwa ingetosha kuuzuia.

Kuku ni utawala wa mke wangu. Anao wa kienyeji 18, na kila mmoja anamjua kwa tabia. Adui yao ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Ukiingia bandani jioni, asubuhi unazoa mizoga. Dawa ya kuutibu haipo, kilichopo ni chanjo, na chanjo yenyewe ni tone moja la maji jichoni mwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu, wote siku moja.

Nitasimulia jioni moja ya chanjo, kwa kuwa mjukuu wetu wa miaka saba alikuwa likizo kwetu na bado anaisimulia. Unasubiri giza lianze, kuku wakiwa wamepanda kulala, maana kuku wa mchana anakukimbiza mtaa mzima. Mjukuu anashika tochi. Mke wangu anaingiza mkono bandani bila kuangalia, anamtoa kuku kwa mabawa yaliyobanwa, anamlaza ubavu kwenye mkono wa kushoto kama anayembeleza mtoto. Mimi nina kichupa kilichotoka kwenye barafu. Jicho la kuku ukilikaribia ni kitu cha ajabu, duara la rangi ya chungwa na katikati tundu jeusi linalokutazama bila kukusihi. Nakigeuza kichupa. Tone linaning'inia. Linaanguka. Unangoja kuku apepese, ili tone lienee, ndipo unamwachia. Ukikosea, tone likitua kwenye manyoya, unarudia.

"Babu, huyu umeshamtia!" mjukuu alipiga kelele kwenye kuku wa tisa.

"Bado."

"Umeshamtia. Ana chozi."

Mke wangu akacheka mpaka kuku akamponyoka. Mwalimu wa hesabu alikuwa amepoteza hesabu kwa kuku tisa.

Usiku ule, tukiwa tumekaa barazani, mjukuu aliniuliza kama wanyama nao hustaafu. Nikamsimulia habari ya mstaafu mashuhuri kuliko wote aliyewahi kutoka Morogoro, ambaye kwa cheo ni panyabuku. Pale chuoni Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na hata vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao aliitwa Magawa. Alizaliwa hapa, akafunzwa hapa, mwaka 2016 akapelekwa Kambodia. Kwa kuwa alikuwa mwepesi, aliweza kupita juu ya bomu bila kulilipua, na eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi alilimaliza kwa takriban nusu saa. Katika utumishi wake alifichua mabomu ya ardhini 71 na vilipuzi vingine 38. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa, panya wa kwanza kuipata. Juni 2021 akastaafu. Alifariki Januari 2022.

"Alikuwa anapata pensheni?"

"Ndizi na karanga."

Mjukuu alifikiri. "Kila mwezi?"

"Kila siku."

"Basi yake nzuri kuliko yako," alisema, na bibi yake akakubaliana naye kwa sauti.

Kitu kimoja sikumwambia mtoto, maana kilikuwa changu. Magawa alipoacha kazi aliishi miezi saba hivi. Alikuwa mzee kwa umri wa panya, hilo najua. Lakini pale kijiweni tumewazika wawili tangu nistaafu, na kila tukirudi makaburini mtu husema yale yale: alikaa tu, mwili ukasahau kazi. Huwa narudi nyumbani nikamfungua Kikokotoo hata kama siyo saa ya kutembea.

Twiga wa dirishani

Watu hudhani mstaafu akitaka kutembea lazima awe na mkupuo mnene. Wapo waliotumia mkupuo wao hivyo, na wengine walioutumia kwenye kuku wa mayai wasiotaga, na wengine waliopigiwa simu na "afisa wa mfuko" wakamtajia mtu wasiyemjua namba yao ya siri. Sisi tulikubaliana: mkupuo unamalizia dari na kisima, pensheni inatulisha, na safari lazima ziwe za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwa sababu kuku hawana likizo.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Mikumi, bila kuingia hifadhini. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, mwaka niliozaliwa mimi, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata katikati kwa kilomita zipatazo 50. Tulipanda basi stendi ya Msamvu asubuhi, mke wangu dirishani, mfuko wa maandazi magotini. Baada ya mabango yanayoorodhesha faini kwa anayegonga mnyama, kila mnyama na bei yake, abiria wote waliacha simu. Pundamilia walikuwa wanavuka kwa foleni. Mbali kidogo twiga watatu walisimama wakitutazama kwa dharau ya mwalimu mkuu. Tembo mmoja alikuwa ametupa mgongo, anachuma majani kana kwamba barabara haipo. Mke wangu alinishika mkono, jambo ambalo hatufanyi mbele za watu, na hakuuachia mpaka nyika ilipoisha. Tukashuka Mikumi mjini, tukala nyama choma na ndizi, tukapanda basi jingine kurudi. Wanyama tuliwaona mara mbili kwa nauli tu.

"Hifadhi mmezaliwa mwaka mmoja," aliniambia tukikaribia Msamvu, "lakini yenyewe haijastaafu."

Safari nyingine ni fupi zaidi. Jumamosi tunaingia Soko Kuu la Chifu Kingalu, ambako nimejifunza kunyamaza wakati yeye anapatana bei, maana uso wangu wa huruma unatugharimu. Mara moja tulipanda hadi Morningside, kule mlimani kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani. Tulipumzika mara sita njiani, na kina mama wa Kiluguru wenye vikapu vya ndizi kichwani walitupita wakiteremka, wakitupa pole kwa sauti za watu wasiochoka.

Lakini iliyotubadilishia maisha ni treni ya SGR. Ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na Agosti 1 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi hadi Dodoma, mwezi ule ule nilioaga shule. Kwa basi, kilomita zisizofika 200 za Dar zilikuwa zinakula nusu ya siku ukikutana na foleni ya Chalinze au Kimara. Kwa treni ni chini ya saa mbili. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000. Ghafla mtu wa Morogoro anaweza kunywa chai kwake, kula mchana Feri akitazama pantoni ikivuka Kigamboni, na kulala kitandani kwake.

Tulikuwa tumepanga kwenda wawili. Ndipo ikaja ile habari ya kuku: wote wawili tukiondoka kutwa, nani atawafungia? Nani atamfungua Kikokotoo? Kikoba cha mke wangu, akina mama kumi na wanne, kilikuwa kinagawana akiba mwezi huo na walishasema mgao ukitoka wanataka kuona bahari. Nikamwambia aende nao.

"Na nyumba?"

"Nipo."

Alinitazama kama alivyonitazama ile Jumatatu ya shati jeupe.

Siku ya mtihani

Waliondoka Jumamosi alfajiri kwa bajaji nne, madera ya rangi moja, vicheko vinasikika hadi kona. Mimi na mjukuu tukabaki mlangoni, Kikokotoo katikati yetu.

Mpaka saa mbili nilikuwa nafuata ratiba ya ukutani. Saa tatu ratiba ilikuwa haina maana tena. Nilikuwa nimeweka maharage jikoni, gesi ikakata. Wakati namsubiri kijana wa bodaboda alete mtungi, mteja wa cherehani akaja kuchukua sketi ya shule ambayo sikujua iko wapi. Nilipokuwa naitafuta sketi, LUKU ikaanza kulia. Nikaketi kuingiza tarakimu 20 za umeme, nikakosea mbili. Mjukuu akasema ana njaa. Mvua ikaanza, nguo zikiwa kambani. Nilikimbia uwanjani, na niliporudi na lundo la nguo zenye unyevu nikamkuta Pensheni, ambaye hatukuwa tumemwona kwa wiki tatu, yuko juu ya meza na samaki wa mchana mdomoni.

Saa nane tulikula maharage matupu na wali. Hayakuwa na kijiwe hata kimoja.

Jioni nikahesabu kuku. Kumi na saba. Nikarudia. Kumi na saba. Mjukuu akahesabu kwa tochi: kumi na saba. Tulitafuta chini ya gari bovu la jirani, nyuma ya choo, kwenye mtaro. Nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumweleza mke wangu wakati Kikokotoo aliponyanyua pua na kukaa chini ya mwembe, anatazama juu. Alikuwa pale, tetea mweusi, tawi la pili, amejikunyata. Nilipanda kiti. Magoti yakasema yao. Nikamshusha.

Hakuna lililokuwa zito katika siku hiyo. Ukiyaandika moja moja yanaonekana ya kuchekesha. Kilichonichosha ni kwamba hakuna hata moja lililongoja jingine liishe, na ninajua sasa kwamba kila jioni kwa miaka yote ile niliporudi na madaftari yangu, nikauliza "Leo umeshindaje?", aliponijibu "Salama tu", hiyo ndiyo siku aliyokuwa ameimaliza.

Saa tatu usiku Kikokotoo alisimama kabla sisi hatujasikia kitu. Akakimbilia getini, mkia unampiga mbavuni. Mke wangu aliingia na mchanga kwenye ndala, kitambaa cha kichwa kimelegea, mkononi ana samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti na chupa ya lita moja na nusu ya maji ya bahari, kwa ajili ya miguu yangu. Alisimama katikati ya sebule akakagua kwa macho. Nguo zilizokunjwa vibaya. Mtungi mpya. Sahani ya samaki iliyo tupu.

"Kuku?"

"Kumi na wanane."

Akatikisa kichwa kidogo. Kisha akaketi kwenye kochi, kwenye nafasi yangu, akanyoosha miguu, akaanza kumsimulia mjukuu jinsi bahari ilivyokuwa ikimvuta miguu mchanga ukitoka chini ya nyayo, na jinsi akina mama wa kikoba walivyoshikana mikono wakipiga kelele kama wasichana. Mimi nikachemsha maji ya kuoga.

Kesho yake, saa kumi na moja na nusu, kucha zikakwaruza mlango. Mara tatu, kimya, tena. Kwa kawaida tunaamka wote wawili, mimi kwa mbwa, yeye kwa jiko. Safari hii hakuinuka. Alijivutia shuka hadi shingoni na kugeukia ukutani.

"Huyo ni wako," alisema kwa sauti ya usingizi. "Chai ikiwa tayari, uniite."